Ndiyo Maana

Jumatatu niliandika ubaoni kwa kalamu ya kijani:
Hapo zamani alikuwa vingine.
Kisha likatokea jambo.
Ndiyo maana hadi leo yuko hivi.
Hiyo ni mifupa, nikawaambia,
nyama tieni wenyewe.

Mvua ya Wales ilikuwa ikikwaruza dirisha
kama paka aliyefungiwa nje tangu Septemba.
Watoto ishirini na watatu,
soksi zao zikifuka mvuke juu ya bomba la joto,
na harufu ya sufu mbichi darasa zima.

Mabli akampa kalunguyeye miiba:
aliazima sindano za fundi cherehani,
akazilalia usiku, akaona haya kuzirudisha.
Idwal akasema bundi hugeuza shingo mpaka mgongoni
kwa sababu dada yake hukaa kiti cha nyuma kwenye basi.
"Hayo ni yako," nikamwambia.
"Na ya bundi pia," akajibu.
Jagoda, aliyekuja na mama yake kutoka Polandi mwezi Januari,
alimwandika korongo, ambaye huku hatumjui:
miguu ilirefuka kwa kuchungulia juu ya ukuta,
akilitafuta paa la kwao.
Nikambandikia nyota.
Nikaingia kidogo kabati la karatasi, nikasimama humo.

Tegid hakuandika.
Alitazama nje, uwanja wa mpira,
ambako Bwana Prosser, mtunza shule, koleo begani,
alikuwa akihesabu vifusi vya fuko na kuapiza:
kumi na saba, vinne ndani ya goli.
Mitego ilikuwa imekwisha kuagizwa.

Jumatano akanipa nusu ukurasa.

*Zamani fuko alikuwa na macho kushinda bundi.
Alikaa juu na alijua rangi zote.
Ikaja baridi. Wanyama wakasema
nani atashuka atuletee makaa ya mawe.
Fuko akasema mimi, viganja vyangu ni vipana.
Akapandisha ndoo, na ndoo, na ndoo.
Kila ndoo ilimchukulia rangi moja.
Nyekundu aliificha shavuni nayo ikaisha.
Juu wakapata joto. Wakapata taa.
Halafu wakafunga shimo wakaenda zao.
Hakuna aliyeshuka kumwambia.*

Ikakomea hapo.

"Tegid, *ndiyo maana* iko wapi?"
Kalamu nyekundu nilikuwa nayo tayari;
mwalimu hata matangani atasahihisha nukta.
"Ndiyo maana hadi leo…" nikamwanzishia,
kama mtu anayemshikia mtoto kiti cha baiskeli.
Akanitazama kwa subira, kana kwamba mimi ndiye wa darasa la nne.
"Haina, Mwalimu. Bado yuko kazini."

Babu yake alikuwa wa zamu ya mwisho
kabla mgodi haujazibwa kwa zege.
Nilimfahamu. Kanisani alikuwa akikohoa,
nasi kwaya nzima tukikisubiri kikohozi kipite
ndipo tuendelee na ubeti.
Nikaifunika kalamu.

Alhamisi tulizibandika hadithi ukumbini.
Bwana Prosser akaja kutengeneza bomba,
spana mkononi, miwani kwenye paji la uso.
Kwa kalunguyeye alicheka.
Kwa fuko aliishusha miwani,
akasoma, akarudi juu akasoma tena,
na bomba likaendelea kudondosha, to, to, to,
kwenye ndoo aliyoisahau chini yake.

Mitego ilifika Ijumaa. Aliipokea, akatia sahihi.
Sijui ameiweka wapi, wala sikuuliza.
Vifusi sasa ni ishirini na moja
na golikipa wetu ananung'unika.

Ubaoni, bega la mtoto fulani
limeukwangua ule mstari wa tatu mwanzo na mwisho.
Ningeweza kuuandika upya.
Kilichobaki, kwa kijani, kimepinda kidogo:
*hadi leo yuko*